Ushauri: ni toleo gani la nyumbani la R-Type linalomwandaa mtu kwa mashine ya asili?

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba msaada wenu kuhusu R-Type, mchezo wa kupigana angani ambao Irem waliutoa mwaka 1987 kwenye mashine za kutumbukiza sarafu. Kwa miaka mingi nimeucheza kwa toleo la Sega Master System peke yake, kwenye konsoli ya mfumo wa Hz 50 (picha 50 kwa sekunde), nami nimefikia kiwango cha kuumaliza kwa kupoteza vyombo viwili au vitatu tu. Hivi karibuni nilipata nafasi ya kukaa mbele ya mashine ya asili. Niliamini kwamba mikono yangu inaujua mchezo, lakini nilikufa ndani ya ule mviringo wa mizinga wa hatua ya kwanza, mahali ambapo nyumbani napita bila hata kuwaza. Nilipofika hatua ya sita kwa kuongeza sarafu, yale maboksi yanayotembea kwenye vichochoro yalinibana mara tatu mfululizo katika kona ile ile. Sikuwa nimesahau njia. Nilikwenda pale ninapokwenda siku zote, ila nilikuwa nachelewa.

Sasa nataka kuchagua toleo moja la konsoli la kufanyia mazoezi kwa dhati, ili siku nikirudi kwenye mashine ile nisianze upya. Siulizi ni lipi lenye rangi nzuri zaidi. Nasikia PC Engine ikisifiwa sana, wengine wananielekeza kwenye PlayStation, na wapo wanaosema matoleo ya miaka hii yanatosha. Anayejibu naomba anieleze na sababu, kwa maana majina ya konsoli nimekwisha kuyasikia.

KadiNyeupe

Ndugu mleta uzi, mimi ni wa PC Engine na nitaeleza kwa nini. Hudson Soft walilitoa toleo hilo mwaka 1988, mwaka mmoja tu baada ya mashine yenyewe, na kwa wakati ule hapakuwa na konsoli ya nyumbani iliyokuwa imekaribia namna hiyo. Maadui wanatokea pale wanapotokea kwenye mashine, kwa mpangilio ule ule, na wakuu wa mwisho wa hatua wana ukubwa unaoendana na ule wa asili. Dobkeratops wa hatua ya kwanza amejaa kwenye skrini, mkia wake unapiga kama unavyopaswa kupiga, na kile kiumbe kilichomo tumboni mwake, ambacho ndicho shabaha, kinafunguka na kukutemea risasi bila kukuachia nafasi ya kukaa ovyo.

Kuna mambo ya kuzingatia kabla ya kununua. Nchini Japani mchezo uligawanywa katika kadi mbili: ya kwanza ina hatua nne za mwanzo, ya pili ina nne za mwisho, na ukimaliza ya kwanza unapewa nywila ya kuendelea kwenye ya pili. Marekani, ambako konsoli hiyo iliitwa TurboGrafx-16, hatua zote nane zilitolewa mwaka 1989 kwenye kadi moja, na kwa mazoezi ningechagua hiyo bila kusita. Lipo pia toleo la diski la mwaka 1991, lenye muziki uliopigwa upya na picha za kusimulia hadithi. Ni zuri kusikiliza, lakini kwa mtu aliyezoea sauti za mashine muziki ule unamtoa kwenye mdundo, na katika mchezo huu wengi wetu tunakumbuka mapigo ya maadui kwa kufuata mdundo.

Kasoro zake sitazificha. Mashine ya asili ina picha ya pikseli 384 kwa 256, na PC Engine haionyeshi mistari yote hiyo kwa pamoja, kwa hiyo skrini nzima husogea kidogo juu na chini unapopanda au kushuka. Mwanzoni inasumbua. Aidha, konsoli ile inaweza kuchora spraiti (vipicha vinavyosogea, kama chombo, risasi na maadui) 64 kwa jumla na 16 katika mstari mmoja, hivyo vitu vikijipanga kwa wingi kwenye mstari mmoja baadhi yake huanza kupepesa.

Mlinzi wa Kaseti

Naomba toleo la Master System lisitupwe pembeni kirahisi, maana Compile, kampuni iliyolitengeneza, walifanya kazi ya heshima kubwa. Konsoli ile inaonyesha rangi 32 kwa wakati mmoja, picha yake ni pikseli 256 kwa 192, na katika mstari mmoja inachora spraiti nane tu, kila moja ikiwa na upana wa pikseli nane. Fanyeni hesabu: pikseli 64 kati ya 256, yaani robo ya upana wa skrini, ndizo zote zinazoweza kushikwa na chombo chako, Force (kile kitufe cha duara kinachobandikwa kwenye chombo kuwa ngao na silaha) iliyo mbele yake, risasi zako na maadui wote walio usawa huo. Kilichozidi hapo hakichorwi kabisa, na njia pekee ya mtunga programu ni kuvipa zamu, hiki kionekane sasa na kile baadaye, ndiyo sababu vitu hupepesa.

Kwa hiyo wakuu wa hatua hawakuweza kuchorwa kwa spraiti. Compile waliwachora kama sehemu ya mandhari ya nyuma, na kwa kuwa konsoli ina tabaka moja tu la mandhari, kila kitu kilichokuwa nyuma yao kilibidi kiwe cheusi. Watu huliona giza lile wakasema ni uvivu, ilhali ni bei iliyolipwa ili Dobkeratops abaki na ukubwa wake. Wakaongeza na hatua ya siri ambayo kwenye mashine haipo. Aliye na konsoli ya Japani yenye chipu ya sauti ya FM atasikia muziki wenye uzito ambao kaseti za kwingineko hazikuutoa.

Nakubali hata hivyo kwamba ule upana wa robo ndio unaomdanganya mleta uzi. Risasi inayopepesa mtu hujifunza kuikwepa kwa kumbukumbu, kwa sababu jicho haliioni vizuri, na akifika mahali ambapo risasi zote zinaonekana, macho yanataka kuzifuata zote na mikono inababaika.

Fremu55

Wenzangu wamezungumzia picha kwa ufasaha, lakini maneno mawili ya mleta uzi, kwamba alikuwa "anachelewa", yanahitaji kuangaliwa kwa upande wa saa.

Mashine ya R-Type hutumia bodi ya Irem inayoitwa M72, na bodi hiyo huchora picha takriban mara 55 kwa sekunde. Konsoli za Japani na Marekani huchora mara 60, na konsoli ya mfumo kama wa mleta uzi huchora mara 50. Michezo ya enzi zile kwa kawaida ilipimwa kwa fremu, yaani kila picha moja inayochorwa: adui anasogea pikseli kadhaa kila fremu, na mzinga unasubiri fremu kadhaa kabla ya kufyatua. Chukulia kipande cha mchezo chenye fremu 1,000. Kwenye Hz 50 kitachukua sekunde 20, kwenye mashine ya asili sekunde 18 na kidogo, na kwenye Hz 60 sekunde 16 na theluthi mbili. Mtu aliyekomaa kwenye Hz 50 akikutana na mashine, dunia nzima inamwendea kwa kasi iliyozidi kwa sehemu moja ya kumi, na mwili wake hauna habari.

Ndiyo maana hatua ya sita ilikuumiza kuliko nyingine. Pale shida kubwa si maadui wa kuwinda; ni maboksi yanayopita vichochoroni kwa ratiba, na nafasi salama inafunguka kwa muda mfupi na kujifunga. Kwenye hatua ya pili unaweza kuchelewa ukajiokoa kwa kuiweka Force katikati yako na lile joka linaloingia na kutoka mwilini mwa Gomander, mkuu wa hatua hiyo. Kwenye maboksi Force haikusaidii kitu, kwa sababu boksi halisukumwi.

Ushauri wangu basi ni huu. Kwa mazoezi ya dhati chukua R-Types ya PlayStation, diski ya mwaka 1998 yenye R-Type na R-Type II, na uhakikishe ni nakala ya Hz 60. Michoro, mpangilio wa maadui na tabia ya silaha viko karibu sana na mashine, na ikiwa itakuzidi kasi kidogo kuliko mashine, hilo ni kosa zuri kuliko la kwako la sasa: mtu aliyezoea haraka akienda polepole husubiri, lakini aliyezoea polepole hawezi kurudisha sekunde iliyopita. PC Engine ni chaguo langu la pili, na kwa anayependa historia ya konsoli pengine ingekuwa la kwanza.

R-Type Dimensions, iliyotoka mwaka 2009 kwenye Xbox 360 na kurudi mwaka 2018 kwa jina la R-Type Dimensions EX, inakuruhusu kubadili kati ya michoro mipya na ile ya zamani kwa kubonyeza kitufe, na ina namna ya kucheza kwa uhai usiokwisha ambapo ukifa unaendelea pale pale. Itumie kwa kujifunza njia ya hatua usiyoijua, kisha iache. Kwenye mashine ukifa unarudishwa kwenye kituo cha nyuma bila Force na bila silaha yoyote, na sehemu kubwa ya ugumu wa R-Type imo katika kutoka kwenye kituo hicho mikono mitupu.

Jambo moja zaidi ambalo watu hulisahau: konsoli ya zamani ikiunganishwa na televisheni bapa ya kisasa, televisheni huchukua muda kuigeuza ishara ile kabla ya kuionyesha, na ucheleweshaji huo unaweza kufikia fremu kadhaa. Kama unayo televisheni ya kioo cha mgongo mrefu, itumie hiyo. Kama huna, washa hali ya michezo kwenye mipangilio kabla hujalaumu toleo lolote.

Rubani wa Zamu

Nitaongeza machache kwa kuwa yanawachanganya wanunuzi. Super R-Type ya Super Nintendo, ya mwaka 1991, isinunuliwe kwa kusudi hili. Ni mchezo mwingine uliojengwa juu ya R-Type II, una hatua zake wenyewe, hauna vituo vya katikati, na maadui wakijaa hupungua kasi kwa kiasi cha kukuharibia mazoea yote. Ya Game Boy ni ya mkononi, na skrini ya pikseli 160 kwa 144 haiwezi kubeba nafasi za mchezo huu.

Mleta uzi

Nawashukuru nyote, na hasa kwa hesabu ya fremu, kwa sababu imenieleza kitu nilichokihisi bila kuwa na jina lake. Nimepata diski ya PlayStation ya Hz 60 na televisheni ya zamani ya ndugu yangu. Siku tatu za kwanza nilikuwa nakufa hata kwenye hatua ya kwanza. Sasa mviringo wa mizinga napita, na kwenye ile meli kubwa ya hatua ya tatu nimegundua kwamba nilikuwa na mazoea ya kusimama chini yake nikisubiri injini zake zipite, mazoea ambayo kwa kasi hii hayana nafasi.

Swali langu lililobaki ni moja. Nikifa hatua ya sita na kurudishwa kituoni bila Force, je, nitumie mzinga wa kuchaji (ule wa kushikilia kitufe hadi ujae nguvu) au nifyatue risasi ndogo mfululizo?

Fremu55

Fyatua risasi ndogo hadi umpate adui anayeacha silaha, kwa sababu kuchaji kunakunyang'anya ulinzi mdogo pekee ulio nao kwa wakati huo. Ukishaipata Force, ibandike nyuma ya chombo unapoingia kwenye vichochoro ambavyo maadui wanakufuata kwa nyuma, na mzinga uuchaji pale tu unapokuwa umesimama kwenye nafasi salama ukisubiri boksi lipite. Hesabu maboksi kwa sauti kama inakusaidia. Mimi nilihesabu hivyo kwa miezi kadhaa.

Mleta uzi

Nimeanza kuhesabu. Jana usiku nilitoka kituoni bila silaha nikafika mwisho wa hatua ya sita mara mbili katika majaribio tisa, na yale saba yaliyobaki yote nilifia kwenye kona moja, boksi la nne kutoka juu. Nitaishughulikia kona hiyo kwanza.