Coccinelle ya 1969: madigadi na vizingiti vipya havikai, nianzie wapi?

Mwana wa Birere
Jambo wakubwa. Niko Goma na Volkswagen Coccinelle (Beetle) ya 1969. Vizingiti vyote viwili vimeoza, yaani lile boksi la chini ya mlango linalopitisha hewa moto. Madigadi ya mbele kulia imekatika kwa kutu pale inapofungwa kwenye bodi. Nimenunua vipya, si vya kiwanda. Kwenye madigadi, matundu matatu ya juu yamekosana na ya bodi kwa milimita 5 hivi. Ringi ya taa inakaa chini tu, juu kidole kinapita. Mlango wa kushoto unagonga nguzo ya nyuma ukifungwa. Fundi anataka kuivuta madigadi kwa bolti, aigonge, kisha ajaze mastiki, ile lapa ya kusawazishia bati. Nimkubalie?

Fundi Himbi
Hapana, mdogo wangu, mzuie leo. Madigadi huwezi kuihukumu kabla ya kujua kama bodi yenyewe imenyooka. Fungua mlango nusu, shika ncha yake, unyanyue. Ukicheza, pini za bawaba zimeisha. Badilisha hizo kwanza. Usipocheza, pima mwanya wa nyuma ya mlango, juu na chini, utuletee namba.

Nyundo na Mbao
Kabla ya cheche yoyote: tenki la petroli la gari hiyo liko mbele, chini ya kifuniko, jirani kabisa na hiyo madigadi. Litoe nje ya garaji, usiridhike kulifunika na gunia lenye maji. Betri iko chini ya kiti cha nyuma, itoe pia.

Mwana wa Birere
Aksanti. Mlango hauchezi. Mwanya wa juu milimita 2, wa chini 7.

Fundi Himbi
Basi bodi imelala katikati kama machela: chini imetanuka, juu imebanwa. Ukichomelea kizingiti hivyo, umeifungia kasoro humo milele.

Gari isimame kwa magurudumu yake mahali sawa, bodi ikiwa bado imefungwa kwenye sakafu kwa bolti zake. Weka jeki na ubao mnene chini, ubao uanzie kwenye mgongo wa kati hadi ukingoni, uinue polepole mpaka mwanya ulingane juu na chini. Hapo ndipo uchomelee bomba za mraba za milimita 25 kwa ndani: moja toka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, moja mshazari, na moja inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia. Zipange ili mlango uendelee kufungika, kwa sababu mlango ndio kipimo chako kazi nzima. Kata upande mmoja tu. Wa pili usiuguse mpaka wa kwanza umalizike.

Kizingiti kipya kilaze kando ya cha zamani kabla hujatupa kitu. Kama ni kifupi, ongeza kipande cha bati la unene uleule mwishoni, usivute nguzo ikifuate. Angalia pia bomba la hewa moto la ndani, mdomo wake wa nyuma ukutane na bomba linalotoka kwenye injini. Ukishafunga boksi hutaufikia tena.

Kosa linalowaponza wengi ni mpira ulio kati ya bodi na sakafu. Wakijaribisha bila mpira, bodi inakaa chini kwa unene wake, na siku ya kuurudisha mlango unakataa. Lakini ukichomelea ukiwa mahali pake, mpira utaungua, kwa hiyo weka vipande vya bati vyenye unene sawa nao. Bolti za sakafu ziwe zimeshikwa zote kwa mkono kabla ya tone la kwanza la kuchomelea. Piga matone 8 au 10, funga mlango, pima. Ukiridhika, chomelea vipande vya sentimita 2 ukirukaruka, huku kisha kule, bati lisipate joto la kupinda.

Nyundo na Mbao
Sasa madigadi. Ifunge ikiwa na utepe wake wa mpira, bolti zote za M8 (unene wa milimita 8) zikiwa legevu, pamoja na kikanyagio cha pembeni, bampa na ringi ya taa. Vyote kwa pamoja, maana kila kimoja kinavuta upande wake. Tundu lililokosana kwa milimita 3 au 4, lirefushe kwa tupa ya mviringo na uweke washa pana, ile pete bapa ya chini ya bolti. Likizidi hapo, lizibe kwa kuchomelea utoboe upya. Nati ya bodi iliyokatikia bolti: toboa kwa keekee ya milimita 6.8, pitisha tapu ya M8 ikate hesi mpya.

Taa: paka chaki ukingo wa ringi, ibandike, utaona inapogusa. Shusha hapo chini kwa nyundo ya mbao, kwa kugonga kidogo kidogo. Bati hizi ni nyembamba. Ukipiga kwa chuma linatanuka, kisha linabonyea na kurudi likilia kama debe.

Salama wa Ndosho
Mimi ningeokoa madigadi ya zamani. Umbo lake ni la kiwanda. Kata ukingo wa kufungia wa ile mpya, upana wa sentimita 6 hivi, uuchomelee kwenye ya zamani.

Nyundo na Mbao
Sikatai, kama sehemu ya taa bado nzima. Ikiwa na vitundu vya kutu pale pia, tumia mpya.

Salama wa Ndosho
Ile rangi nyeusi inayokuja na vipuri vipya vya madukani, isugue kwa kitambaa chenye thina. Ikiyeyuka, itoe yote hadi bati tupu, kisha paka praima ya epoksi siku hiyohiyo. Hapa kwetu mvua inayopita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo ina asidi, kwa hiyo bati tupu halilali nje, na maji ya mvua ya kwenye pipa usiyatumie kuoshea kabla ya rangi. Mastiki isizidi milimita 2, tena juu ya praima. Kwa barabara hizi za mawe ya volkano, iliyojazwa nene inapasuka, maji yanaingia chini yake na kutu inaanza upya bila kuonekana.

Mwana wa Birere
Fundi amesoma yote, amekubali. Jumatatu tunatoa tenki. Nta ya ndani ya vizingiti inaingia lini?

Fundi Himbi
Baada ya rangi kukauka kabisa. Ipulize kwa mpira mwembamba kupitia matundu ya chini, halafu uyazibue kwa waya ili maji yapate pa kutokea.