Gia ya VVT-i: alumini tupu, chuma tupu au mchanganyiko? Naomba ulinganisho kabla sijanunua

Korosho_Tandahimba
Wakuu habari za leo. Nipo Mtwara mjini, nina gari dogo la sisi 1500 ambalo nalitumia kupanda Tandahimba na Newala, na msimu wa korosho ukifika halipumziki. Asubuhi nikiwasha linapiga "krrrr" upande wa cheni kwa sekunde moja mbili, kisha linatulia. Likishapata moto, nikisimama saileni (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, na taa ya injini inawaka. Fundi kapima kwa mashine ikatoka kodi P0012, yaani kemshafti (shafti ya vali) imechelewa kuliko inavyotakiwa. Cheni ni nzima. Kafungua gia ya VVT-i, ile inayozungushwa na cheni na kubadili muda wa vali kufunguka kwa presha ya oili, akanionyesha kitundu cha pini ya kufuli (inayoshikanisha rota na nyumba yake wakati wa kuwasha) kimelika, kimekuwa kama yai.

Njia nilizonazo ni tatu. Kwanza, gia kamili ya mtumba kutoka Japani: nyumba (ganda la nje) na rota (kipande cha ndani chenye mapanga) ni alumini, meno ya cheni ni chuma. Pili, gia mpya isiyo ya asili, chuma tupu, nzito hasa. Tatu, kuna fundi ana gia chakavu ya chuma. Anasema atoe rota yake aitie kwenye nyumba yangu ya alumini, kwa hoja kwamba chuma hakiliki ovyo. Hii ya tatu ndiyo nafuu kuliko zote. Mnasemaje?

Fundi_Chikongola
Mkuu, hiyo ya tatu achana nayo kabisa. Hata kama rota itaingia na kuzunguka vizuri mezani, mezani pana baridi. Injini ikipata moto alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Nyumba itapanuka, rota itabaki nyuma, oili itapita pembeni ya mapanga badala ya kuyasukuma. Utafunga, utawasha, utafurahi asubuhi, mchana P0012 imerudi. Na ukigeuza, yaani rota ya alumini ndani ya nyumba ya chuma, ni balaa zaidi maana ikipata moto inabana na kukwama.

Chagua kati ya ya kwanza na ya pili. Mimi kwa gari lako naegemea ya kwanza, ila kuna vya kukagua kwanza.

Binti_Shangani
Fundi kasema kweli, naomba niweke namba ili mwenzetu aone ukubwa wa tatizo. Mimi ni mhandisi mitambo.

Mita moja ya alumini hutanuka takriban mikroni 23 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Chuma ni kama 12. Tuseme unene wa rota ni milimita 20, na injini imetoka nyuzi 30 za asubuhi ya Mtwara hadi 110 za oili ya moto. Tofauti ya mtanuko kati ya nyumba ya alumini na rota ya chuma ni karibu milimita 0.018. Inaonekana si kitu. Lakini nafasi ya ubavuni kwenye gia hizi ni ndogo sana. Kwa mfano ikiwa ni 0.04 tu ikiwa baridi, ikipata moto inakuwa 0.058. Na uvujaji wa oili kwenye mwanya mwembamba hufuata mchemraba wa upana wake: mwanya ukiongezeka karibu nusu, uvujaji unakuwa mara tatu. Hapo sijagusa bado kwamba oili yenyewe imekuwa nyepesi na pampu kwenye saileni inatoa presha ndogo. Ndiyo maana gari lako linayumba likiwa la moto, si asubuhi.

Watu hudhani sili zitaokoa. Sili zipo kwenye ncha za mapanga, vipande vya plastiki ngumu vinavyosukumwa na springi ya bati jembamba. Ubavuni, kati ya rota na kifuniko, kwa kawaida hakuna sili yoyote. Pale kinachozuia oili ni vipimo tu.

Dereva_Mingoyo
Mimi nipo Lindi huku, nimeendesha na kufungua injini miaka mingi, na naomba nipinge kidogo. Mnamsukuma kwenye alumini wakati kilichomuua ni hiyo hiyo alumini! Kitundu cha pini kimelika kwa sababu ni laini. Pini ni chuma kigumu, kila akizima na kuwasha inagonga mlemle. Akichukua gia ya chuma tupu, rota na nyumba vinatanuka pamoja, kitundu ni kigumu, meno magumu. Uzito si hoja kwa gari la kubeba magunia. Barabara zetu za vumbi zinataka kitu kigumu.

Binti_Shangani
Shikamoo mzee. Hoja yako ya pini naiunga mkono moja kwa moja, ndiyo sehemu dhaifu ya rota ya alumini. Ila tusihukumu alumini zote kwa kitundu kimoja. Gia iliyofikiriwa vizuri haiwi ya malighafi moja. Meno ni chuma kwa sababu cheni itasaga alumini. Nyumba na rota ni alumini kwa ajili ya wepesi, kwani alumini ina uzito wa gramu 2.7 kwa sentimita ya ujazo na chuma hiki cha gia ni kama 7. Kitundu cha pini kinawekwa bushi ya chuma iliyogandamizwa kwa nguvu. Uso wa alumini unapitishwa kwenye bafu la umeme ukajenga ngozi ngumu ya oksidi. Kila malighafi imewekwa pale kazi yake ilipo.

Sehemu nyingine ambayo wengi hawaitazami ni katikati, bolti inapobana rota kwenye kemshafti. Bolti ni chuma, rota ni alumini. Ikipata moto alumini inatanuka kuliko bolti, mbano unapanda, na uso laini chini ya kichwa cha bolti unaweza kubonyea. Ikipoa, mbano umepungua kuliko ulivyofunga. Kwa hiyo wapo wanaoweka kiini cha chuma katikati ya rota na alumini kuzunguka nje. Kwenye baadhi ya injini utakuta kiwambo chembamba chenye chembe za almasi kati ya gia na kemshafti, zinazouma pande zote mbili ili gia isiteleze. Fundi akikitupa akidhani ni washa ya kawaida, ameharibu.

Kuhusu chuma cha mzee: gia hizo nyingi ni unga wa chuma uliogandamizwa kwenye kalibu kisha kupikwa kwenye tanuri la nyuzi kama 1,120. Ni imara na vipimo vyake hutoka vizuri, lakini ndani kuna vitundu vidogo. Watengenezaji makini huvifunga kwa mvuke wa moto, chuma kinapata rangi ya kijivu nyeusi inayoelekea bluu. Gia ya bei ya chee iliyorukwa hatua hiyo inaweza kuvuja mwilini.

Kijana_Ligula
Dada, na za plastiki? Nimesikia zipo.

Binti_Shangani
Watengenezaji wa Ulaya wamesajili hataza za rota na nyumba za plastiki ya fenoli iliyotiwa nyuzi za kioo. Nyepesi sana, ila bado zinahitaji bushi za chuma kwenye bolti na pini, maana plastiki hulegea polepole chini ya mbano. Kwa mwenzetu huyu si chaguo.

Fundi_Chikongola
Nirudi kwenye ukaguzi. Nenda dukani na sumaku. Iguse kwenye meno, ishike. Iguse nyumba na rota, isishike. Kisha iguse ukingo wa kitundu cha pini, kama kuna bushi itashika pale. Nyumba ikikataa sumaku na rota ikakubali mwili mzima, uliza kama ilitoka kiwandani hivyo au kuna mtu ameichanganya. Kwa mtumba mimi naiacha.

Halafu angalia pale bolti za chuma zinapoingia kwenye alumini. Spea zikikaa muda bila oili kwenye hewa yetu ya bahari, chuma na alumini vinapogusana panatoka unga mweupe. Ukiuona, rudisha. Ndani ya injini yenye oili safi hilo si tatizo, ni rafuni ndipo inapoliwa.

Mwisho, zungusha rota kwa mkono. Ikiwa imejifunga isicheze hata kidogo. Ikicheza tak-tak, pini imeshakwisha na utarudi na kelele ile ile.

Dereva_Mingoyo
Hapo kwenye bushi nimekuelewa binti yangu. Ikiwa na bushi, aichukue. Ikiwa haina, bado nasema achukue ya chuma tupu na si vinginevyo.

Korosho_Tandahimba
Asanteni sana. Nimepita na sumaku leo jioni. Gia mbili za kwanza hazikushika kitu kwenye kitundu. Ya tatu imeshika pete nyembamba kuzunguka pini, bolti safi, haichezi. Nimeilipia. Nibadilishe na solenoidi kabisa, ile vali ya umeme inayopeleka oili kwenye gia?

Fundi_Chikongola
Pima kwanza. Kwa Toyota nyingi waya mbili za solenoidi zisome kati ya omu 6.9 na 7.9 injini ikiwa baridi, nyuzi kama 20, na huku kwetu tarajia isome juu kidogo kwa joto. Ikiwa ndani, itoe tu uisafishe pamoja na chujio lake dogo la wavu, kwa kuwa alumini iliyosagika kwenye gia ya zamani imekwenda huko. Bolti ya kati kaza kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Oili weka 5W-30, usimsikilize anayekuambia uweke nzito ya 20W-50 kwa sababu ya joto la pwani. Badilisha na filta, kisha baada ya kilomita elfu moja mwaga uone kama kuna vumbi la kung'aa.