Busta za Soyuz zinagonga steji ya katikati zikiachana, msalaba wa Korolev unatokaje?

angani_kwetu
Wakuu salama? Najenga Soyuz, ile roketi ya Warusi, kwenye Kerbal Space Program (gemu ya kujenga na kurusha roketi), gemu yenyewe pamoja na nyongeza yake rasmi ya Making History, modi (nyongeza za wachezaji) sijaweka hata moja. Kwa sura imekaa poa sana, busta nne (roketi za pembeni za kusukumia) zenye umbo la karoti zimezunguka steji ya katikati, kila moja ina injini ya Kodiak na zile Cub ndogo za kugeuzia, na inaruka imenyooka. Sasa shida inakuja pale pa kuachana. Nikibonyeza spesi (kitufe cha kuachia steji) pua zinafunguka nje lakini mikia inaingia ndani, lazima moja igonge injini ya katikati, ikishagonga roketi yote inazunguka na safari imeishia hapo. Ninachotaka ni ule msalaba wa Korolev (mbunifu wa roketi hii), busta nne zinatoka kwa pamoja na kujipindua nyuma ya roketi. Dikapla (vipande vinavyoachanisha busta na roketi) nimeziweka juu kabisa karibu na pua maana hata kwenye roketi ya kweli busta zinasukumia pale juu. Halafu kuna mtu kaniambia nivute mabomba ya mafuta kutoka kwenye busta kwenda katikati, vipi kwa Soyuz ni sahihi?

mafuta_ya_taa
Nianze na mabomba, usiweke mkuu. Roketi ya R-7, ambayo Soyuz imetokana nayo, haina kitu hicho. Kila busta ina matangi yake ya mafuta ya taa na oksijeni iliyo kimiminika, na ya katikati ina yake, na injini zote tano zinawashwa chini kabisa kabla roketi haijanyanyuka, kwa sababu miaka ile ya 50 Korolev na wenzake hawakuwa na uhakika kama injini kubwa itakubali kuwaka ikiwa huko juu. Ndiyo maana ya katikati ni ndefu kuliko busta, inawaka tangu ardhini na bado inatakiwa iendelee. Busta zinaisha karibu dakika mbili tu, sekunde 118 hivi, ya katikati inakwenda mpaka karibu dakika tano. Kwenye gemu ipe tangi refu na uishushe nguvu kidogo kwenye ile slaida ya kikomo, utapata uwiano unaokaribia huo bila bomba lolote.

Na hapo kwenye Kodiak na Cub umechagua vizuri mno. Kodiak haigeuki, kama RD-107, injini ya busta ya kweli, ambayo vyumba vyake vinne vikubwa vya kuchomea mafuta vimefungwa palepale na kazi ya kuelekeza inafanywa na vidogo vya pembeni. Busta ina vidogo viwili, ya katikati vinne. Ukihesabu zote wakati wa kuruka ni vyumba vikubwa 20 na vidogo 12, kwa hiyo hakikisha Cub zako zinafuata hesabu hiyo, ukitazama kutokea chini ndipo Soyuz inapoanza kufanana na Soyuz.

Bi_Roketi
Kaka kinachokugongesha ni mahali pa dikapla. Busta ikiwa imejaa uzito umesambaa, ikiisha mafuta tangi linabaki ganda tu na uzito wote unahamia chini kwenye injini. Dikapla yako iko puani, inasukuma mbali na uzito ulipo, lazima pua itoke na mkia urudi ndani. Fanya hivi: ukiwa kwenye karakana punguza mafuta ya busta moja mpaka sifuri, iwashe ile alama ya kitovu cha uzito, uone inakaa wapi. Dikapla iweke hapo au chini yake kidogo, puani funga struti (fito za kushikilia) tu, zenyewe zinakatika busta zikishaachana.

Halafu ya kweli inavyofanya ni kitu kizuri sana, mimi sichoki kuiangalia. Vifungo vya chini vinakatika kwanza, msukumo uliobaki unaifanya busta ifunguke mkia ukitoka nje huku pua bado imeegemea kwenye kikombe chake, ikichomoka pale sensa inaona, valvu ya puani inafunguka na oksijeni iliyobaki inapulizwa kuelekea upande wa katikati, pua inasukumwa nje. Hakuna kiroketi kingine cha kuitupa, ni mabaki ya tangi yanafanya kazi. Kwenye gemu hatuna valvu hiyo, tumia Sepratron (viroketi vidogo vya kusukumia pembeni) mbili kwa kila busta pale puani, zishushe mafuta ziwake kidogo sana, na kila moja moto wake upite ubavuni mwa ya katikati usije ukaiunguza. Ziweke steji moja na dikapla, maana busta ikishatoka spesi haiigusi tena.

zamu_ya_usiku
Niongeze hapo kwa dada, hili la kugonga limetokea kweli. Tarehe 11 Oktoba 2018 Soyuz MS-10 iliondoka kituo cha kurushia roketi cha Baikonur ikiwa na wanaanga Aleksey Ovchinin na Nick Hague, busta tatu zikatoka vizuri, ya nne valvu ya puani haikufunguka kwa sababu kipini cha sensa kilikuwa kimepinda wakati wa kuunganisha roketi. Pua ikaipiga ya katikati kwenye tangi, roketi ikapoteza mwelekeo. Mnara wa kuokolea watu ulikuwa umeshatupwa muda mfupi kabla, zikawaka motori zilizo kwenye ganda la juu linalofunika chombo cha watu zikawachomoa, wakashuka kwa parashuti Kazakhstan wazima. Machi 2019 wakaruka tena wote wawili. Kwa hiyo mkuu usiache kuweka motori kwenye ganda, watu wengi wanaweka mnara tu wanaona imetosha.

angani_kwetu
Bi Roketi ubarikiwe, nimeshusha dikapla na zimetoka zote nne safi kabisa! Swali la mwisho, steji ya tatu, ile iliyo juu ya katikati, niiwashe kabla au baada ya kuachia ya katikati?

mafuta_ya_taa
Kabla. Ndiyo kazi ya kile kiunzi cha vyuma vilivyo wazi, moto upate pa kutokea. Ya kweli inawashwa wakati ya katikati bado inasukuma ili mafuta yabaki yamekaa chini ya tangi, yasielee. Gemu ya kawaida haijali hilo, ukija kuweka Realism Overhaul, modi ya kuifanya gemu ifanane na uhalisia, itakudai. Ondoa kava la injini, jenga kiunzi kwa vyuma, halafu injini na dikapla ziweke steji moja na uzibonyeze ya katikati ikiwa imebakiza mafuta kidogo, ukichelewesha dikapla moto unaisukuma steji ya chini na hupati mwendo.