Gereji imefunga beringi mpya bila kupima kranki, na injini imenoki tena baada ya kilomita 1,140

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira, ila nitaeleza kwa utaratibu ili anayezifahamu injini anisahihishe nikikosea. Gari ni Subaru Impreza WRX STI yenye injini ya EJ207, lita 2.0 na turbo. Mwezi Machi ilianza kugonga kwa chini, mlio ukikua kila nilipoongeza mafuta na kufifia tulipochomoa waya wa koili ya silinda namba 3. Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni) ilikuwa imekwisha. Kosa la mara ile ya kwanza nalibeba mwenyewe, kwa sababu niliikimbiza gari kipimo cha oili kikiwa chini ya alama.

Nilikopeleka gari ni gereji inayojinadi hapa Dar es Salaam kuwa inatengeneza magari ya mbio. Nililipa shilingi milioni 3 na laki 8, wakakaa na injini siku tano, wakanirudishia gari likinguruma vizuri. Nilipouliza vipimo vya kranki, fundi alinijibu, "Bosi, kranki yako nzima, nimepitisha kidole, haina mkwaruzo."

Kidole! Beringi ya konrodi haiishi kwa kugusana na kranki, inaishi kwa utando wa oili unaosukumwa kati yao, na nafasi ya utando huo ni kama milimita 0.03 hadi 0.05, nyembamba kuliko unywele. Beringi ikishagonga, shingo ya kranki, pale beringi inapokaa, huweza kuwa na umbo la yai au kupungua upande mmoja bila kidole kuhisi chochote. Ndiyo maana hupimwa kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene, pande mbili au tatu, kisha ikibidi kranki inapelekwa kwa fundi kerezo ichongwe, na beringi zinazonunuliwa zinakuwa za saizi ya kuongezea, kwa mfano milimita 0.25. Mimi nilifungiwa beringi za saizi ya kawaida juu ya kranki ambayo hakuna aliyeipima.

Njiani kwenda Morogoro, nimeshaipita Chalinze, ule mlio ukarudi. Nilizima injini palepale nikaita gari la kuvuta.

Safari hii nilisimama kando ya fundi mwingine akiifungua. Kwa wasioijua, injini hii ya EJ si kama V8 ya BMW M3 ya E92, ambayo wenye nayo wengi hubadilisha beringi za konrodi mapema kama sehemu ya matunzo, kwa kushusha sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, na kufanya kazi kutoka chini. Kranki ya EJ imebanwa katikati ya nusu mbili za bloki, yaani mwili wa injini, kwa hiyo pini za pistoni zinatolewa kupitia matundu ya mbele na nyuma ya bloki, ndipo bloki inagawanywa. Kwa maneno mengine, mtu aliyebadilisha beringi zangu alikuwa na kranki nzima mikononi, juu ya meza, na bado hakuipima.

Kilichonichoma zaidi ni kipozea oili, kile kinachokaa juu ya filta. Tulikigonga juu ya kitambaa cheupe zikamwagika chembe za rangi ya shaba, mabaki ya beringi za kwanza. Hakikuwahi kufunguliwa wala kubadilishwa, na chembe zilizobaki humo zinaweza kurudi kwenye mzunguko wa oili na kuzifikia beringi mpya. Kichujio kidogo kilichomo kwenye bolti ya bomba la turbo nacho kilikuwa kimeziba. Kwenye sampu tukakuta vipande vya silikoni waliyoipaka kwa ukarimu wa mtu anayeziba paa, vingine vimenasa kwenye wavu wa bomba la kunyonyea oili.

Halafu kuna oili. Niliwaachia madumu ya 5W-40, wao wakaweka 20W-50, nayo naamini waliichagua kwa sababu oili nzito hufunika mlio kwa muda na kuipandisha geji ya presha ya oili, mteja akaondoka akitabasamu.

Nimewapigia simu mara nne. Jibu ni kwamba spea hazina dhamana na kwamba nilikimbiza gari. Niliendesha kilomita zote hizo chini ya mizunguko 3,500, kama walivyoniagiza wenyewe.

Nataka warudishe fedha ya ufundi, shilingi milioni 1 na laki 4, pamoja na gharama ya kuchonga kranki. Nusu zote nane za beringi za konrodi, mbili kwa kila silinda, zimo kwenye kopo la maziwa, kila moja nimeiandika namba ya silinda yake, na kipozea oili kimefungwa kwenye ile ile nguo nyeupe. Waje na maikromita yao, kama wanayo, tupime pamoja.