Naomba ushauri: tulipie kipimo cha HIF-1 alfa kwa saratani ya mfupa?

Ndugu zangu, mpwa wangu wa kidato cha tatu hapa Nairobi amepatikana na osteosakoma, aina ya saratani ya mfupa, juu ya goti. Biopsi (kipande cha uvimbe kupimwa maabara) imethibitisha, na kemo itaanza kabla ya upasuaji. Binamu yetu anasisitiza tulipie pia kipimo cha HIF-1 alfa, ile protini inayojikusanya kwenye seli oksijeni ikipungua.

Nimesoma kwamba wagonjwa ambao uvimbe wao una protini hiyo kwa wingi huelekea kuwa na matokeo mabaya zaidi. Sawa, lakini jibu likija kwamba ni nyingi, dawa zitabadilishwa? Nijuavyo, yanayotazamwa zaidi ni kama ugonjwa umefika mapafuni, na kama kemo imeua angalau asilimia 90 ya seli za uvimbe, jambo linalojulikana baada ya upasuaji. Naona heri pesa za harambee, ambazo bado hazijatosha, ziende kwenye skani ya kifua.

Aliyeuguza mgonjwa wa aina hii, au anayefanya kazi wadi ya saratani: tumuulize daktari nini hasa? Na dada yangu, mama ya kijana, tumweleze habari za protini hii sasa, au tungoje kwanza apate nguvu?