Kamera ya sinema inajizima kwa joto huku Panyimur, naomba ushauri kabla ya Jumamosi

MvuviWaPicha (Pakwach)

Wadau, salaam. Niko Panyimur, upande wetu wa Ziwa Albert, natengeneza filamu fupi ya mafundi wa mitumbwi. Kamera ni RED Scarlet-X niliyoipata Kampala, mkono wa tatu kama si wa nne. Modeli hii ilitangazwa 2011, kwa hiyo si mtoto, ila picha yake bado naipenda kuliko hizi mpya ninazokodi kwa kazi za harusi na kwanjula, zile sherehe za kutambulisha wachumba.

Tatizo ni joto. Jumanne nilikaa na mzee mmoja aliyeanza kuchonga mitumbwi kabla ya uhuru. Akafika mahali anasimulia jinsi mdogo wake alivyozama, tezo iko mkononi, sauti imeshuka. Mimi moyoni nasema hapa ndipo filamu ilipo. Onyo la joto likatokea kwenye skrini nikajifanya sijaliona. Dakika mbili hivi, skrini ikawa nyeusi. Mzee akaniuliza, "Imelala?" Nikamjibu ndiyo mzee, imelala. Kuiamsha ilichukua robo saa chini ya mwembe, na yeye alikuwa amesharudi kwenye mbao zake.

Ilikuwa saa saba mchana, kamera kwenye tripodi, 4K kwa fremu 25 kwa sekunde, narekodi mfululizo kama dakika 35. Jioni haisumbui. Kampala haijawahi kunifanyia hivi hata siku moja. Jamani, ndiyo inakufa? Mama mmoja muuza samaki amenionea huruma akanipa barafu kwenye mfuko niiwekee juu, nikasema ngoja niulize kwanza.

BibiLenzi (Kampala)

Barafu hapana kaka. Rudisha kwenye samaki au ipozee soda.

Itazame hiyo soda yenyewe ukiiweka mezani hapo ziwani: baada ya dakika chupa yote inatoka jasho. Hayo maji hayatoki ndani ya chupa, ni unyevu wa hewa umekutana na kitu baridi. Sasa kamera yako ina feni inayovuta hewa hiyohiyo yenye unyevu na kuipitisha ndani. Bati la juu likishakuwa baridi kama barafu, jasho litatoka mahali usipopaona. Kwa sababu hiyohiyo, ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi usiifungue kamera mara moja. Iache begini izoee hewa ya nje kwanza, nusu saa hivi.

FundiWaKatwe (Kampala)

Haifi huyo. Nijibu matatu kabla sijasema kitu:
Feni umeiweka hali gani kwenye menyu?
Mara ya mwisho kusafishwa ni lini?
Ilikuwa imefunikwa na nini?

MvuviWaPicha

Feni nimeweka ile hali ambayo inakimbia usiporekodi na kutulia ukirekodi, ili isiingie kwenye sauti. Kusafishwa, tangu niinunue sijaisafisha, labda kupangusa kwa nje. Kufunikwa… ufukweni kuna upepo na mchanga, kwa hiyo niliivalisha kavera, mfuko wa plastiki. Nyeusi. Nikaacha lenzi na skrini tu.

Boda4K (Busia)

😂😂 Umemvalisha mtu sweta nyeusi saa saba ya mchana Pakwach, halafu amezimia unauliza kama ana malaria.

NyotaYaKasese

Huenda pia ni mwinuko jamani. Kwenye hewa nyepesi feni haipozi vizuri.

FundiWaKatwe

Nyota, hoja yako ni ya kweli ila si kwa Panyimur. Ziwa Albert liko takriban mita 620 juu ya bahari, Kampala iko karibu mara mbili ya hapo. Hewa ya huko chini ni nzito zaidi, tatizo ni kwamba ni jiko. Na feni haina uwezo wa kuipoza kamera ikawa baridi kuliko hewa inayoivuta. Hewa ikipanda nyuzi 10 kuliko ile ya Kampala, ndani nako kunapanda karibu hizohizo 10.

MvuviWaPicha, kavera ndiyo mshitakiwa namba moja, lakini ana wenzake. Fanya hesabu hii na mimi. Betri ndogo ya pembeni ya kamera hizi ina kama wati-saa 30 na inaisha kwa takriban nusu saa. Maana yake kamera inakula karibu wati 60. Haizungushi gurudumu, haivuti maji kisimani, kwa hiyo karibu wati zote hizo zinaishia kuwa joto. Unakumbuka zile balbu za zamani za wati 60, zilizokuwa zikikuunguza vidole ukizigusa? Umeichukua moja, ukaifungia kwenye kopo la bati, kisha ukafunga kopo kwenye kavera.

Halafu jua. Likiwa utosini, mita moja ya mraba ya ardhi inapokea kama wati 1000. Mgongo wa kamera ni mdogo, tuseme sentimita 10 kwa 13, lakini ni mweusi. Hapo umeongezewa wati 13 bure, bado mpini, bado betri kubwa, bado hiyo plastiki yenyewe.

Tatu, feni. Uliiambia inyamaze kwenye dakika ambazo kamera inafanya kazi ngumu kuliko zote, na ukaiweka hapo dakika 35.

Leo jioni fanya hivi. Washa kamera ndani ya nyumba, chukua kipande cha tishu chembamba, kipitishe taratibu kila penye matundu. Pale tishu inaponatia ndipo inavuta, pale inapopeperuka ndipo inatoa. Weka alama kwa chaki. Sehemu hizo mbili kuanzia leo hazifunikwi na kitu chochote, iwe mchanga iwe mvua. Kisha utuambie upande unaotoa unasukuma kwa nguvu gani.

MvuviWaPicha

Nimefanya. Upande wa kuvuta, tishu inanata nusu tu, nusu ya pili inaning'inia kama haina habari. Upande wa kutoa, unapumua kama mtu aliyepanda Rwenzori na gunia la viazi.

Nikamulika kwa tochi ya simu. Wadau, kuna kitu kama blanketi mle ndani. Rangi ya kijivu, na katikati kuna nyuzi nyeupe ambazo nadhani ni za kanzu za watu wa harusi.

FundiWaKatwe

Ndiyo yenyewe. Zima, toa betri. Tumia ile pampu ya mpira ya kusafishia lenzi, na brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi. Feni izuie isizunguke, kijiti cha kiberiti kinatosha. Ukiipuliza ikazunguka kwa kasi inageuka jenereta ndogo na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi, achilia mbali kuua beringi. Na nakuomba usiipeleke kwa wale wa kujaza upepo kwenye matairi. Kompresa ile inatema maji na mafuta.

Boda4K

Nilikuwa nimeshaandika "peleka kwa wa matairi" nikafuta.

MzeeWaReli (Arua)

Vijana wangu, mimi nilianza na RED One, ile iliyoanza kufikia wateja 2007. Kuwaka tu ilikuwa dakika moja na nusu, unaweza kumaliza kikombe cha chai ya tangawizi ukiisubiri. Basi tulikuwa hatuizimi ovyo, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wengi wanalikosea: kamera ikipata joto, usikimbilie kuizima. Ukiizima, feni nayo imekufa, na joto lililojaa ndani halina wa kulitoa. Acha kurekodi, ipeleke kivulini ikiwa imewaka, weka feni kasi ya juu, subiri. Itapoa haraka kuliko ile robo saa yako.

Kuhusu kuifungua, hapa mimi na Fundi huenda tusikubaliane. Najua ile pesti ya kupitisha joto inakauka baada ya miaka kumi na kitu, kama inavyokauka kwenye kompyuta. Lakini huyu yuko ufukweni, ana kazi Jumamosi. Mle ndani kuna nyaya za utepe nyembamba kama jani la kitunguu, na sensa, ile chipu inayonasa picha, imekaa mahali pake kwa kipimo. Ikisogea hata kidogo, lenzi zako zote zitaanza kusema uongo kwenye fokasi. Asafishe kwa nje, basi.

FundiWaKatwe

Tunakubaliana mzee wangu. Pesti ni kazi ya mezani, Kampala, baada ya filamu kwisha. Na ifanywe tu kama akisafisha na kuweka kivuli bado inachemka.

MzeeWaReli

Sawa kabisa. Jingine: ukishaituliza, kalibreti sensa upya, yaani ipimwe upya kwa joto lake la sasa. Angalia kwenye skrini penye T na E. T ni joto, E ni muda wa kupokea mwanga. T ikiacha kijani, kamera inakuambia kwamba joto la sasa liko mbali na lile ililokalibretiwa nalo. Sensa ikipata moto inatengeneza umeme wake yenyewe hata gizani, na kwa kila nyuzi 6 mpaka 8 umeme huo unakaribia kuongezeka maradufu. Hizo ndizo chenga unazoziona kwenye vivuli, hasa kwenye ngozi zetu sisi weusi tukipigwa kivulini. Iwashe kwanza kama nusu saa ifikie joto lake la kazi, funika mdomo wa lenzi kwa kifuniko kisichopitisha mwanga, ndipo uanze. Ukikalibreti ikiwa baridi ya asubuhi, saa saba unarudi kulekule.

BibiLenzi

Na kivuli usiende kununua cha bei mbaya. Kaazime mwavuli kwa wakala wa mobile money, ile mikubwa ya njano au nyekundu. Uinue usigusane na kamera, hewa ipite katikati. Ila angalia rangi isimwangukie mzee usoni, mwavuli wa njano utamfanya aonekane mgonjwa wa ini. Mimi huwa natandika shuka jeupe juu yake.

Mchanga nao, tafuta kitambaa cheupe chepesi, kikae upande unaotoka upepo tu, kama pazia. Kisiizunguke kamera.

MvuviWaPicha

Nimesafisha. Uchafu umejaa kiganja, nimeupiga picha nikamtumia mke wangu, akaniambia huyo ni kifaranga. Tishu sasa inanata pote. Leo saa saba nimeijaribu palepale ufukweni chini ya mwavuli wa wakala (nimemwachia 5,000 ya soda), bila kavera, feni ikijirekebisha yenyewe. Dakika 40, onyo halijatokea. Muziri, wale samaki wadogo kama dagaa, waliokuwa wameanikwa pembeni yangu wamekauka, mimi bado narekodi.

Sasa feni inasikika. Mzee anaongea taratibu sana.

MzeeWaReli

Rudi nyuma. Kama una lenzi ya milimita 85, kaa nayo mita tatu nne badala ya lenzi ya 35 puani pake. Kila ukizidisha umbali mara mbili, sauti ya feni inapungua kama desibeli 6. Maiki mbandike kifuani, chini ya shati. Mkimaliza, mwombe anyamaze dakika moja urekodi feni peke yake, aliye kwenye uhariri atakushukuru. Na usirekodi dakika 35 mfululizo. Kata kila baada ya 8 au 10, mpe maji anywe, feni ipumue.

Boda4K

Au nenda asubuhi kama watu wote wa Pakwach wenye akili.

MvuviWaPicha

Hilo mzee amelisema kabla yako. Nimepita kwake leo, akaniambia nije saa moja asubuhi, maana saa saba hata yeye huwa anajizima. Ila ile habari ya mdogo wake hajaahidi kuirudia, na mimi sikumsukuma. Ameniagiza betri za redio, zile kubwa.

BibiLenzi

Mpelekee nne. Na usimuulize habari ya mdogo wake, washa kamera mapema umwache achonge.