Bakteria wasafishe urani, au tunadanganyana?

Mchokonozi: Kwa nini tuhangaike kuchimba udongo wenye urani na kuubeba kwa malori, wakati wapo bakteria wanaokula mionzi? Waachiwe kazi!

Bi Kemia: Hakuna bakteria anayekula mionzi, ndugu yangu. Geobacter, bakteria wa udongoni, anaipa urani elektroni, basi. Iliyokuwa imeyeyuka majini inaganda na kunasa mchangani. Mionzi iko palepale. Urani-238 kupungua nusu tu ni miaka bilioni 4.5.

Mchokonozi: Hiyo "ndugu yangu" ya kejeli naijua. Haya, wanakunywa. Umeridhika?

Kisiki: Wanalamba 😂

Mzee Kobe: Msisahau yule wa kwenye mkebe wa nyama, Marekani, 1956 kama sikosei. Mkebe ulipigwa mionzi ya gama ili kila kidudu kife, nyama ikaoza vilevile! Anahimili grei 5,000, kipimo cha mionzi inayoingia mwilini. Binadamu, 5 zinatosha kumzika.

Bi Kemia: Deinococcus huyo. Lakini kuvumilia si kusafisha, mzee wangu. Mtu akinywa pombe asilewe, hajaigeuza kuwa maji.

Mzee Kobe: Pombe imeingiaje hapa? Mimi sinywi.

Kisiki: Mzee kaguswa.

Bi Kemia: Ni mfano tu, mzee! Shikamoo.

Mzee Kobe: Shikamoo ya kupoza sipokei. Nimetaja nyama, naitwa mlevi.

Mpita Njia: Jamani, urani. Kule Rifle, Colorado, palipokuwa na kiwanda cha kuchakata urani, 2002 walishindilia asetati ardhini kuwalisha Geobacter. Ndani ya siku 50 urani katika maji ya baadhi ya visima ilishuka chini ya kiwango kinachotakiwa. Halafu bakteria wengine, wanaotumia salfeti badala ya urani, wakavamia hicho chakula, urani ikapanda tena. Na oksijeni ikipenya, iliyoganda inayeyuka upya. Huo ni ufugaji, tena wa kudumu. Nani atalisha miaka mia?

Mchokonozi: "Kuwalisha"! Kwa hiyo WANAKULA. Asante kwa ushahidi.

Bi Kemia: Wanakula asetati! Ndugu ya siki! Urani wanaitumia kama sisi tunavyotumia oksijeni.

Mchokonozi: Kumbe wanaipumua. Mbona hukusema mapema, badala ya kunikaripia?

Mpita Njia: Na swali langu la miaka mia?

Kisiki: Subiri kwanza. Mzee Kobe, ile nyama ilikuwa ya nini?

Mzee Kobe: Muulize huyo anayejua pombe.